Nani Abebe Makosa ya Aliyesahau? Dimenshia na Ujirani Afrika Mashariki

Desemba 2007, katika mji wa Obu, mkoani Aichi nchini Japani, mzee wa miaka 91 mwenye dimenshia alitoka nyumbani bila mtu kumwona. Mkewe wa miaka 85 alikuwa amesinzia kidogo. Mkamwana wao, aliyehamia Obu kwa ajili ya kumtunza, alikuwa na shughuli nyingine pale pale nyumbani. Mzee akapanda treni, akashuka kituo cha jirani, akaingia kwenye reli na kugongwa hadi kufa. Kampuni ya reli iliidai familia yake zaidi ya yeni milioni 7 kwa hasara ya safari zilizocheleweshwa, na mwaka 2013 mahakama ya Nagoya ikakubali dai hilo. Hadi Machi 2016 ndipo Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba mjane na mwanawe hawakupaswa kulipa.

Naanzia Japani kwa sababu kesi ile iliuliza hadharani swali ambalo kwetu hujibiwa kimyakimya, nyuma ya mlango uliofungwa: mtu aliyepoteza kumbukumbu akikosea, kosa hilo ni la nani? Hoja yangu ni kwamba jamii humjumuisha mtu mwenye dimenshia pale inapokubali kubeba sehemu ya makosa yake. Mapenzi ya familia, heshima kwa wazee na huruma ya jirani ni vitu vyema, lakini vyote hukauka haraka pale ambapo kila kosa linarudishwa kwenye nyumba moja, na ndani ya nyumba hiyo kwa mtu mmoja.

Dimenshia ni jina la pamoja la maradhi ya ubongo yanayodhoofisha kumbukumbu, fikra, lugha na uwezo wa mtu kujiendeshea maisha ya kila siku. Alzheimer ndiyo inayojulikana zaidi kati yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na hali hiyo, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Anayedhani haya ni maradhi ya Ulaya na atazame Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Mwaka 2009 na 2010 watafiti waliwapima watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi katika vijiji sita, na baada ya kusawazisha tofauti za umri wakapata kiwango cha asilimia 6.4, kisicho mbali na cha nchi tajiri. Utafiti mwingine wilayani humo, uliochapishwa mwaka 2014, ulitafuta kujua wanajamii wanaielewaje hali hiyo. Wengi walisema ni uzee wa kawaida. Wapo pia walioihusisha na laana.

Jibu la kwamba ni uzee tu lina faida yake, na msomi asilibeze. Anayehesabiwa kuwa mzee tu haogopwi wala hatengwi. Analishwa na watu wa nyumbani, anaamkiwa shikamoo njiani. Lakini hapelekwi kituo cha afya, hata pale ambapo kusahau kwake kunatokana na jambo linalotibika, kama upungufu wa vitamini B12 au msongo mkali wa huzuni. Mlezi naye haombi msaada, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba analo la kuombea msaada. Tena uvumilivu huo una mpaka wake. Mzee akiuliza swali lile lile mara tano, ni uzee. Akikutwa saa nane usiku uani kwa watu, hana nguo, hajui amefikaje, uzee haumtetei tena. Hapo linatoka neno jingine: mwanga.

Kutembea usiku, kuvua nguo, kuzungumza na wasiokuwepo, kumtuhumu mtoto wa nyumbani kuwa ameiba: dalili hizi za dimenshia ndizo pia ambazo watu hudai kumtambulia mchawi. Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wa umri mkubwa waliuawa kikatili kwa tuhuma za uchawi. Huko Kilifi watetezi wa haki za binadamu wamesema mara nyingi kwamba nyuma ya tuhuma za namna hii huwa pana ardhi, na warithi wasiotaka kungoja. Si kila anayetuhumiwa ana dimenshia. Ila mwenye dimenshia ndiye mtuhumiwa rahisi kuliko wote, kwa kuwa akiulizwa jana usiku alikuwa wapi, hana jibu. Kwa hiyo elimu ya dimenshia kwetu ni suala la ulinzi wa maisha kabla ya kuwa suala la afya ya akili, na mwenyekiti wa kitongoji anaihitaji sawa na mganga wa zahanati.

Kuna jambo jingine ambalo sisi tunaojivunia malezi ya wazee hatupendi kulikiri. Tunasema penye wazee haliharibiki neno, na tunamaanisha. Lakini heshima hiyo imesimama juu ya kumbukumbu: mzee anaheshimiwa kwa kuwa anajua mpaka wa shamba ulipopita, nani alimwoa nani, deni lipi lililipwa na lipi bado. Siku anapochanganya hayo, anaendelea kupewa chakula na maji ya kuoga, ila haulizwi tena jambo. Barua ya posa inajadiliwa mbele yake kana kwamba hayupo. Tom Kitwood, mwanasaikolojia wa Uingereza aliyeandika kitabu chake kuhusu dimenshia mwaka 1997, alishikilia kwamba hadhi ya mtu kuwa mtu ni kitu anachopewa na wenzake katika mahusiano, na kwamba wenzake wanaweza pia kumpokonya, mara nyingi bila kukusudia ubaya wowote. Msomaji wa Kiswahili, aliyelelewa na wazo la utu, hatashangazwa na fikra hiyo. Kinachopasa kumshtua ni jinsi tunavyoivunja katika nyumba zenye upendo mwingi.

Nimeingia katika nyumba ya namna hiyo. Komeo la chumba cha mama limewekwa upande wa nje. Kandambili zake ziko juu ya kabati, asipoweza kuzifikia. Jiko la mkaa limefichwa nyuma ya pipa la maji. Binti yake si mkatili hata kidogo; ameacha biashara yake ya vitenge ili amtunze, na kila kimoja cha vitu vile kilikuwa jibu la lawama fulani. Komeo lilikuja baada ya jirani kulalamika kuwa mama ameingia kwake alfajiri. Kandambili zilipanda kabatini baada ya kaka, anayeishi mji mwingine, kupiga simu na kuuliza kwa ukali inakuwaje mama anaonekana barabarani. Jiko lilifichwa baada ya mwenye nyumba kutaja moto. Hakuna hata mmoja wa watu hao aliyejitolea kukaa na mama japo saa moja, ila kila mmoja alichangia kumfungia. Lawama ikimwangukia mlezi peke yake, kufuli ndiyo busara pekee iliyomo katika uwezo wake. Majaji wa Mahakama ya Juu ya Japani waliligusa hilo kwa lugha ya sheria: kuwa mke au mwana wa mgonjwa hakumfanyi mtu moja kwa moja kuwa msimamizi wa kubebeshwa makosa yake. Anayetakiwa kumlinda mwingine saa 24 atalazimika kumgeuza mfungwa.

Kinyume chake nimekiona kwenye baraza moja la bao mjini Tanga. Miongoni mwa wachezaji alikuwa mzee aliyewahi kuwa fundi cherehani, ambaye majina ya wajukuu yalikuwa yameshamtoka na mchana ule ule aliuliza mara kadhaa kama adhuhuri imeswaliwa. Kwenye bao alikuwa mtu mwingine. Mkono ulijua pa kunamua, ulizunguka na kete bila kusita, ukajua lini nyumba, lile shimo maalumu la bao, ichezwe na lini iachwe. Hilo lina maelezo ya kitabibu: kumbukumbu ya matendo yaliyozoewa kwa miaka mingi hukaa katika sehemu za ubongo ambazo Alzheimer huchelewa kuziharibu, na ndiyo maana asiyekumbuka alichokula asubuhi huweza kusoma Yasini mpaka mwisho au kuimba wimbo wote wa kwaya.

Lakini ubongo wake ulikuwa nusu tu ya habari. Nusu ya pili ilikuwa wenzake. Alipochota kete za upande usio wake, aliyekaa mbele yake alisema tu, "Hizo zangu, mzee wangu," akazirudisha, mchezo ukaendelea. Adhuhuri ilijibiwa kila ilipoulizwa, kwa sauti ile ile. Muuza kahawa hakupokea pesa yake. Aliandika, na kijana wa mzee alikuwa akilipa Ijumaa, mpango ulioanza baada ya mzee kulipa kikombe kimoja mara tatu. Alipoinuka na kuelekea mtaa usio wa kwao, kijana wa bodaboda aliyekuwa kijiweni alimwita kwa jina la kazi yake ya zamani, "Fundi, leo tunapitia huku." Hakuna aliyekuwa amesomea lolote. Makosa ya mtu mmoja yalikuwa yamegawanywa kwa watu watano au sita, na fungu la kila mmoja lilikuwa dogo kiasi cha kubebeka bila kinyongo.

Ni rahisi kulipenda baraza hilo kupita kiasi. Baraza la bao ni la wanaume. Bibi mwenye dimenshia hana kiti cha namna hiyo mtaani. Nafasi zake za hadhara, yaani kikoba, kisomo, jumuiya ndogo ndogo, jikoni kwenye shughuli, zote zinamtaka afanye kazi au ashike hesabu, na akishindwa anaambiwa kwa upole apumzike nyumbani. Na mabaraza yenyewe yanapungua. Mitaa mipya ya miji yetu inajengwa kwa kuta na mageti, na mzee anayepotea kati ya kuta hana wa kumwita fundi. Kwa hiyo kilichokuwa kikitokea chenyewe hakina budi sasa kupangwa.

Kinaweza kupangwa. Tangu mwaka 2005 Japani imekuwa ikitoa somo fupi la kama dakika 90 kwa wenye maduka, makarani wa benki, madereva, polisi na wanafunzi, na waliolipata wamepita milioni 10. Kwetu somo hilo lianzie kwa wakala wa pesa za simu, ambaye humwona mzee akihangaika na namba ya siri kabla hata familia haijajua. Kwa vijana wa bodaboda. Kwa imamu na katekista. Kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao tayari wanaingia nyumba kwa nyumba. Hai imetupa pia ushahidi kwamba tiba ya kuchangamsha akili kwa vikundi, vikao 14 katika wiki 7, inawezekana kijijini kwa wazee, wakiwemo wasiojua kusoma, na walioshiriki walionyesha nafuu katika kumbukumbu na fikra. Hapakuhitajika jengo jipya wala mashine.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaotaka tuige Hogeweyk, kijiji maalumu kilichofunguliwa mwaka 2009 huko Weesp, Uholanzi, chenye maduka na bustani kwa ajili ya wakazi wenye dimenshia. Ni mahali pa heshima na pametunzwa vizuri. Lakini kinachojengwa pale kwa gharama kubwa, yaani mtaa ambao mtu anaweza kukosea bila kuadhibiwa, kwetu bado kipo kwa vipande, na fedha zetu chache ziende kuviunganisha.

Pingamizi zito ninaloliona linahusu mali. Mtu anayeachwa huru sokoni atatapeliwa. Anayeachwa huru na hati atauza shamba. Ni kweli, na kuna makosa ambayo majirani hawawezi kuyabeba kwa kuyacheka pamoja. Hata hivyo dawa ya mazoea, yaani mtoto mmoja kuchukua kila kitu kwa niaba ya mzee, imefungua mlango wa dhuluma zile zile za warithi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unaelekeza njia nyingine: mtu asaidiwe kuamua, badala ya kuamuliwa. Kwa vitendo, hiyo ina maana ya kukaa naye mapema, akili ingali na nguvu, mbele ya mashahidi wasio warithi, aseme mwenyewe nini kifanywe na shamba, simu na pensheni yake. Katiba ya Kenya, Ibara ya 57, inapotaja haki za wazee inaanza na kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Matunzo yanakuja mwisho wa orodha. Mpangilio huo naupenda.

Linabaki swali la gharama. Mji wa Kobe ulilijibu mwaka 2019 kwa kumwongezea kila mlipa kodi ya ukaazi yeni 400 kwa mwaka. Fedha hizo zilitengwa kugharimia uchunguzi wa dimenshia na fidia pale mgonjwa anaposababisha ajali. Sisi hatuna kodi hiyo, lakini mitaa na vijiji vyetu vimejaa vikundi vya kufa na kuzikana, vyenye katiba, mweka hazina na faini ya asiyehudhuria. Katiba hizo hutaja msiba, kulazwa hospitali, pengine harusi. Ziongezewe kifungu kimoja: nyumba yenye mtu mwenye dimenshia ipate wanachama wawili wa zamu, mchana mmoja kila wiki, ili mlezi aende kliniki, afungue biashara yake, au alale, na mgonjwa akivunja kitu cha mtu au akipotea, kikundi kilihesabu jambo hilo kuwa lake, kilipe na kimtafute. Majina ya zamu yaandikwe katika daftari lile lile la michango, na faini ya asiyetokea iwe ile ile ya asiyekwenda kuzika.