Walipima Mawe, Hawakuhesabu Watu

Mimi ni wa Miasenyi, pale SGR inasimama kidogo halafu inakata kwenda Voi. Kwetu Taita Taveta mawe ni riziki. Kijana akirudi kutoka machimbo ya Kasigau amejaa vumbi, anaulizwa swali moja tu: "Umepata?" Vumbi lenyewe hakuna anayeliuliza. Mimi nililiuliza, likanifikisha Kongo.

Katanga kuna mahali panaitwa Shinkolobwe. Urani iligunduliwa huko 1915, na kampuni ya Wabelgiji, Union Minière, ikachimba. Mwanzoni walifuata radiamu. Mawe mengine yalikuwa na oksaidi ya urani asilimia 65, utajiri usio wa kawaida kabisa, na Wakongo waliyachambua kwa mikono. Mwaka 1940 mkubwa wa kampuni, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 New York. Jeshi la Marekani likanunua, na sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ikatoka huko.

Hiyo stori mnaijua kiasi. Hii ndiyo iliniudhi.

Mwaka 1879, miaka 36 kabla Shinkolobwe haijagunduliwa, madaktari wawili wa Ujerumani, Härting na Hesse, waliandika kwamba wachimbaji wa Schneeberg walikuwa wanakufa kwa uvimbe wa mapafu. Sababu haikujulikana bado, ila vifo vilijulikana. Kufikia 1932 Chekoslovakia ilikuwa inalipa fidia kwa kansa hiyo kama ugonjwa wa kazi. Yaani jameni, Ulaya mchimbaji analipwa, Katanga mwenzake bado anachambua mawe kwa mikono.

Leo tunajua mkosaji mkubwa ni radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayotoka kwenye radiamu. Ukiivuta miaka mingi, mapafu yanaumia polepole. Na ukitoa urani kwenye jiwe, radiamu inabaki kwenye taka, tena inapungua nusu tu kila miaka 1,600. Mgodi unafungwa, lundo linabaki na majirani.

Shinkolobwe ilifungwa 1960. Baadaye watu wakarudi kuchimba kobalti. Serikali ikapiga marufuku Januari 2004, na Julai mwaka huohuo mgodi ukaporomoka ukaua watu.

Marekani nao walichelewa, lakini kuanzia 1950 walifuatilia afya ya wachimbaji wao wa urani, majina yakaandikwa. Sheria ya fidia ilipopita 1990, baadhi ya Wanavajo walikuwa na karatasi ya kuonyesha. Za Shinkolobwe nilizosoma mimi ni za tani na meli.

Sasa turudi nyumbani. Kaunti jirani, Kwale, kuna Kilima cha Mrima. Udongo wake una thoriamu, na mionzi yake ya asili iko juu kuliko kawaida. Chini yake kuna niobi na madini adimu yanayotafutwa dunia nzima. Leseni ya kuchimba ilifutwa 2013, lakini hamu haijaisha.

Watu wanaishi pale leo, kabla ya mgodi wowote. Kansa ikitokea baadaye, wakili yeyote atasema mionzi ilikuwepo tangu zamani, na atakuwa na hoja. Ndiyo maana nataka nyumba za Mrima zipimwe sasa, ukuta kwa ukuta, na kila mgonjwa wa kansa aandikwe, kabla mtu hajasaini leseni nyingine. Nakala ibaki kijijini, si Nairobi pekee.