Mjumbe anayesikiliza kesi anamjua daktari uliyemshtaki: Je, unaweza kumkataa?

Umelalamika kwamba mzazi wako aliumia hospitalini kwa sababu ya uzembe. Siku ya kusikilizwa inafika, kumbe mmoja wa wajumbe ameajiriwa na hospitali hiyo hiyo. Je, unyamaze?

Hapana. Sheria ya Kenya inakuruhusu kuomba ajiondoe.

Nani husikiliza?

Malalamishi dhidi ya madaktari hupelekwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ambalo lina Kamati ya Nidhamu na Maadili. Madaktari wamo miongoni mwa wanaosikiliza, na hilo peke yake si kosa. Lazima awepo mtu wa kueleza kama upasuaji ulifanywa inavyotakiwa.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuamuliwa kwa haki na taasisi za umma. Kifungu cha 50 kinataka mzozo usikilizwe na chombo huru kisichoegemea upande wowote.

Halafu kuna Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015. Sehemu ya 7 inasema mahakama inaweza kupitia upya uamuzi ikiwa aliyeutoa alikuwa na upendeleo, au kuna sababu ya maana ya kumshuku.

Yaani si lazima uthibitishe kwamba mjumbe alipendelea. Kipimo ni hiki: mtu wa kawaida, mwenye busara na anayejua ukweli wote, angeona hatari ya upendeleo?

Mfano wa 1923

Nchini Uingereza, mwendesha pikipiki aitwaye McCarthy alipatikana na hatia ya kuendesha vibaya. Baadaye ikajulikana kuwa karani aliyeingia chumbani na mahakimu walipokwenda kuamua alitoka kampuni ya mawakili iliyokuwa ikimwakilisha aliyemdai McCarthy fidia ya ajali hiyo hiyo. Mahakimu walisema hawakumuuliza chochote. Hukumu ilifutwa hata hivyo, kwa sababu haki lazima ionekane ikitendeka.

Sababu zenye uzito

• Mjumbe ana hisa au ameajiriwa katika hospitali inayolalamikiwa.
• Ni ndugu, mwenzi au mshirika wa biashara wa daktari husika.
• Alimtibu mgonjwa huyo, au alishatoa msimamo wake kuhusu kesi hiyo.
• Amezungumza pembeni na upande mmoja kuhusu kesi.

Sababu dhaifu

Kusoma chuo kimoja au kukutana kwenye kongamano hakutoshi. Kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Nairobi ndicho pekee kilichofunza madaktari nchini, na kwenye taaluma zenye mabingwa wachache karibu wote wanajuana. Kila anayemjua mwenzake akiondolewa, hatabaki wa kusikiliza.

Usisubiri ushindwe

Toa pingamizi mara tu unapojua. Mwaka 2007, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu wa Kenya dhidi ya Anyang' Nyong'o, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ilisema anayejua sababu ya kushuku upendeleo haruhusiwi kuificha mpaka aone matokeo hayakumwendea vizuri.

Fanya hivi

1. Uliza mapema majina ya wajumbe.
2. Andika barua. Taja mjumbe, uhusiano wake na ushahidi ulio nao. Usimtukane.
3. Omba pingamizi lako na jibu lake viingizwe kwenye kumbukumbu.
4. Ukikataliwa, endelea na kesi huku pingamizi lako likiwa limeandikwa. Uamuzi ukitolewa, muone wakili haraka kuhusu kwenda Mahakama Kuu, kwani muda una kikomo. Kwa kawaida mahakama hutaka kwanza umalize njia zilizopo ndani ya taasisi.

Daktari anayeshtakiwa naye ana haki hiyo hiyo. Uamuzi ukifutwa kwa sababu ya mjumbe mmoja, huenda pande zote mbili zikalazimika kuanza upya, na familia ikangoja tena kujua kilichompata mgonjwa wao.