Kutarajia Mwisho, Kumtumaini Mungu: Lugha ya Hofu na Tumaini katika Ukristo wa Nchi ya Wanyamwanga tangu 1914

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna hofu ya mwisho wa dunia na tumaini la Kikristo vilivyokutana katika nchi ya Wanyamwanga, kutoka Ndalambo na Tunduma hadi Mwenzo upande wa pili wa mpaka, katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Yanadai mambo mawili. Kwanza, mahubiri ya mwisho yaliyoenea hapo mwaka 1919 hayakuwa zao la hofu tu. Kwa wengi yalikuwa habari njema, na walioogopa zaidi walikuwa watawala. Pili, Kiswahili, ambacho baadaye kimekuwa lugha ya mahubiri katika eneo hilo, kinatofautisha kutarajia tukio na kumtumaini mtu, na tofauti hiyo inasaidia kueleza kwa nini imani ilidumu wakati tarehe zilizotabiriwa zilipita bila kitu kutokea.

Utangulizi

Ndalambo ni kata ya Wilaya ya Momba, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Iko katika nchi ya Wanyamwanga, watu ambao makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890 yaliwagawa bila kuwauliza: baadhi wakawa raia wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, wengine wakawekwa chini ya Waingereza katika nchi ambayo leo ni Zambia. Ndugu waliendelea kuvuka kwenda kuoana, kuzikana na kusali pamoja. Kwa sababu hiyo, historia ya Ukristo wa Ndalambo haiwezi kuandikwa kwa kuishia kwenye mpaka wa Tunduma.

Ukristo ulifika eneo hili kwa njia kadhaa karibu wakati mmoja. Wamisionari wa Free Church of Scotland walianzisha kituo cha Mwenzo katika miaka ya 1890. Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, walifungua kituo cha Mbozi mwaka 1899. Mapadre Weupe nao walianzia Mambwe mwaka 1891, kisha wakahamia Kayambi. Kila kituo kilikuja na shule, katekisimu na lugha yake ya kufundishia. Kwa hiyo, mwanzoni mwa karne ya 20, Mnyamwanga aliyetaka kujua Wakristo wanasema nini juu ya mwisho wa mambo yote aliweza kusikia majibu zaidi ya moja katika mwendo wa siku chache.

Vita vilivyofika mlangoni

Vita vya 1914 hadi 1918 viliifanya nchi hii kuwa uwanja wa mapigano tangu mwanzo hadi mwisho wake. Mpaka uliokuwa mstari wa kwenye ramani ukawa mstari wa bunduki. Mzigo mkubwa zaidi, hata hivyo, haukubebwa na askari. Ulibebwa na wapagazi. Inakadiriwa kuwa upande wa Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja katika mapigano ya Afrika Mashariki, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Vyakula vilichukuliwa maghalani, wanaume wakachukuliwa majumbani, na mashamba yakabaki bila wa kuyalima.

Mwisho wa vita hivyo ulipita katika nchi hiyohiyo. Mwanzoni mwa Novemba 1918 jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, likitokea kusini mwa Tanganyika ya baadaye, lilivuka mpaka na kushambulia kituo cha Waingereza cha Fife, jirani na Mwenzo. Likasonga hadi Kasama. Huko ndiko habari zilikolifikia kwamba Ulaya imekwisha kuweka silaha chini, na tarehe 25 Novemba 1918 likasalimu amri Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala. Katika majuma hayohayo homa ya mafua iliyokuwa ikiizunguka dunia iliingia vijijini na kuua watu waliokuwa tayari wamedhoofishwa na njaa. Vita, njaa, tauni na wafalme waliopigana: msomaji yeyote wa Injili ya Mathayo au wa kitabu cha Ufunuo angeweza kuhesabu dalili kwa vidole vyake.

Waliotarajia

Mahubiri yaliyozisoma dalili hizo hayakuzaliwa Unyamwanga. Chimbuko lake ni mafundisho ya Charles Taze Russell, Mmarekani aliyefundisha kuwa mwaka 1914 ungekuwa kikomo cha zama za mataifa. Kwa njia ya Joseph Booth mafundisho hayo yalimfikia Elliot Kamwana, Mtonga wa Nyasaland, ambaye mwaka 1908 na 1909 alibatiza maelfu ya watu kando ya Ziwa Nyasa kabla ya serikali kumkamata na kumhamisha. Kamwana alitangaza kuwa Oktoba 1914 utawala wa Wazungu ungekoma na kodi ingekoma nao. Oktoba ilifika. Utawala haukukoma, na vita vilikuwa vimekwisha kuanza.

Mtazamaji wa mbali angetegemea kuwa utabiri uliokosea ungeua imani. Haikuwa hivyo. Wafanyakazi wahamiaji waliyachukua mafundisho hayo hadi kwenye migodi ya Rhodesia ya Kusini, na waliporudishwa makwao wakati wa vita waliyaleta tena kaskazini. Miongoni mwao alikuwa Hanoc Sindano, Mmambwe, ambaye mwaka 1918 na 1919 alihubiri katika nchi ya Wamambwe na Wanyamwanga. Mwaka 1919 mahubiri hayo yaliingia kusini-magharibi mwa Tanganyika. Watu walibatizwa upya kwa kuzamishwa majini, wakasali usiku kwa sauti kubwa, wakanena kwa lugha, na wengi wakakataa amri za machifu na za maofisa, hasa amri za kubeba mizigo. Serikali ilijibu kwa kukamata na kufunga.

Wanahistoria wamelisoma tukio hili kwa njia tofauti. John Iliffe, katika A Modern History of Tanganyika (1979), analiweka ndani ya historia pana ya dini na mabadiliko ya jamii. Karen Fields, katika Revival and Rebellion in Colonial Central Africa (1985), anakwenda mbali zaidi: ubatizo na sala zenyewe zilikuwa siasa, kwa kuwa utawala wa kikoloni ulisimama juu ya mamlaka ya machifu na ya misioni, na aliyejibatizia kando ya mamlaka hizo aliung'oa mmojawapo wa mihimili yake. Hoja ya Fields inafungua swali ambalo halijapewa uzito wa kutosha. Kama mwisho wa dunia uliohubiriwa ulikuwa mwisho wa kodi, wa upagazi na wa viboko, ni nani hasa aliyeuogopa? Mpagazi aliyerudi kutoka vitani akiwa mifupa mitupu hakuwa na dunia kubwa ya kupoteza. Aliyekuwa nayo ni ofisa. Kwa hiyo ni kosa kuyaita mahubiri hayo hofu ya washamba. Kwa sehemu kubwa yalikuwa tumaini lililokosea tarehe.

Msamiati wa mwisho

Wahubiri wa 1919 walihubiri kwa lugha za wenyeji. Hata hivyo, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuingia upande wa Tanganyika kama lugha ya utawala wa Wajerumani, kikaendelea kuwa hivyo chini ya Waingereza, na leo ndicho lugha kuu ya mahubiri, redio na vitabu vya dini kutoka Tunduma hadi Ndalambo. Ndani ya msamiati wake kumbukumbu ya mambo hayo imehifadhiwa, wakati mwingine kwa namna ambayo wasemaji wenyewe hawaitambui.

Mfano ulio wazi ni jina Kitawala. Asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya mnara katika jina la jumuiya ya Russell. Sikio la Kibantu lililipokea neno hilo, likaliongezea kiambishi ki- cha lugha na desturi, na umbo lililopatikana likaangukia juu ya kitenzi -tawala. Mnara ukawa utawala. Utohozi huu si wa sauti tu, bali ni tafsiri ya kisiasa: waliolitumia jina hilo walisikia ndani yake swali la nani atatawala. Maofisa nao walilisikia hivyohivyo, na huko Kongo ya mashariki, ambako wafuasi wa Kitawala waliasi katika nchi ya Masisi na Lubutu mwaka 1944, jina lenyewe lilitosha kumpeleka mtu kifungoni. Vita hivyohivyo viliacha neno jingine lililotoholewa, Kariakoo, kutokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Wakazi wengi wa Dar es Salaam hulitamka kila siku bila kukumbuka waliokufa chini ya mizigo. Neno moja limehifadhi mateso, jingine limehifadhi matarajio ya kukoma kwake.

Neno kiyama lina safari yake. Katika Kiarabu linatokana na mzizi wenye maana ya kusimama, mzizi uleule uliotupatia kaimu na makamu. Kiyama, kwa asili, ni kusimama kwa wafu, na Biblia ya Kiswahili ya Union Version (Agano Jipya 1950, Biblia nzima 1952) hulitumia kwa maana ya ufufuo. Katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, neno limehamia upande wa hofu: mtu akisema siku fulani ilikuwa kiama, msikilizaji huona vurumai na kilio, haoni kaburi lililofunguka. Neno unyakuo nalo, lililoenea kwa mahubiri ya makanisa ya Kipentekoste, limetokana na kitenzi ambacho msemaji hukifahamu kwanza kwa mwewe na kifaranga. Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike habari za kunyakuliwa ili wafarijiane. Msikilizaji wa Kiswahili anaweza kuisikia picha ya mwewe kabla ya kufika kwenye faraja. Mwelekeo ni mmoja: maneno yaliyoanza kama ahadi yameelekea kuwa vitisho.

Kutarajia na kutumaini

Neno tumaini limekwenda kinyume cha mwelekeo huo. Asili yake ya Kiarabu ni kutulia kwa moyo, kupata utulivu baada ya wasiwasi. Linapolinganishwa na tarajia, ambalo pia ni la asili ya Kiarabu, tofauti ya kisarufi hujitokeza. Mtu hutarajia mvua, mavuno, mshahara au mgeni. Akisema anamtarajia mgeni, maana yake anangoja mgeni huyo afike. Anayesema anamtumaini mgeni amesema jambo jingine kabisa: kwamba moyo wake umetulia kwa ajili ya jinsi mgeni huyo alivyo. Kitenzi -tarajia hudai tukio na, mara nyingi, wakati wake. Kitenzi -tumaini kinaweza kuchukua kishazi chenye tukio, lakini kinaweza pia kuchukua mtu, na hapo hakidai kalenda.

Tofauti hii inatoa njia ya kueleza kilichotokea baada ya Oktoba 1914 na tena baada ya 1919. Kilichokanushwa na historia kilikuwa tarajio. Tarehe ilipita, kodi ikabaki, chifu akabaki. Lakini ndani ya tarajio kulikuwa na tumaini ambalo halikutegemea tarehe, na hilo ndilo lililobaki na kutafuta makao mapya. Sindano aliendelea kuwa na wafuasi katika wilaya ya Abercorn, ambako kijiji chake kiliitwa Jerusalem. Kamwana, aliporuhusiwa kurudi Nyasaland mwaka 1937, aliongoza kanisa lake mwenyewe kwa miaka mingi. Wengine walirudi Mwenzo, Mbozi na Kayambi, wakawa wazee wa kanisa na makatekista. Tofauti zao zilikuwa kubwa, lakini wote walilazimika kujifunza kulima, kuoza na kuzika katika dunia ambayo haikuwa imekwisha.

Inaweza kupingwa kuwa huku ni kuipa sarufi mzigo isioweza kuubeba, kwa kuwa wasemaji wengi hubadilishana maneno haya mawili. Pingamizi hilo lina haki kwa kiasi fulani. Makala haya hayadai kwamba sarufi ilisababisha imani kudumu, hasa kwa vile waliodumu mwaka 1919 hawakuwa wakisali kwa Kiswahili. Yanadai tu kwamba lugha imetunza mahali pa kusimama ambapo mhubiri wa leo anaweza kupatumia au kupapuuza.

Hofu inapogeuzwa silaha

Matokeo ya kupapuuza yanajulikana. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, aliugeuza ubatizo wa Kitawala kuwa kipimo cha uchawi. Watu wengi waliuawa katika Rhodesia ya Kaskazini na Katanga, naye akanyongwa mwaka 1926. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu nchini Uganda, mamia ya waumini walioahidiwa mwisho wa dunia waliteketea ndani ya jengo lao la sala. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao, kwa mujibu wa mashtaka, walihimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu.

Mfuatano huu haupaswi kusomwa kana kwamba Sindano alizaa Shakahola. Tofauti ni ya msingi. Waliobatizwa mwaka 1919 walikataa kubeba mizigo ya wengine ili waishi. Wa Shakahola waliambiwa waache kuishi. Lakini kuna jambo moja linaloyaunganisha matukio ya kutisha: katika kila moja mtu fulani alijitwalia haki ya kuijua saa, na waliomwamini wakaacha kumtumaini Mungu wakaanza kumtarajia kwa ratiba ya mtu huyo.

Hitimisho

Historia ya Ukristo katika nchi ya Wanyamwanga inaonyesha kuwa swali la mwisho wa dunia halikuwa ndoto za watu wasio na kazi. Liliulizwa na watu waliokuwa wameona dunia yao ikiisha kwa vita, njaa na mafua, na ambao bado walikuwa na mbegu za kupanda. Jibu la tarehe halikuwafaa. Jibu lililowafaa lilikuwa lile lililowawezesha kurudi shambani bila kukana kwamba haki ingekuja. Katika Ndalambo ya leo, ambako hofu za zama mpya hufika kwa simu ya mkononi kabla hazijafika mimbarini, utafiti wa msamiati wa mahubiri ni zaidi ya zoezi la leksikografia. Ni njia ya kujua kama anayehubiri anawatuliza wasikilizaji wake au anawahesabia siku.