Moneta, Hekalu Lililozaa Jina la Fedha

Mwaka 344 KK, Warumi walizindua hekalu la mungu wa kike Juno Moneta juu ya kilima cha Capitolium. Mwandishi Mrumi Cicero alilihusisha jina Moneta na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuonya: baada ya tetemeko la ardhi, sauti ilisikika kutoka hekalu la Juno ikiwaagiza watu watoe kafara ya nguruwe jike mwenye mimba. Asili hiyo bado inabishaniwa.

Kilichotokea baadaye ndicho chenye uzito zaidi. Kiwanda cha serikali cha kufua sarafu kiliwekwa kando ya hekalu hilo, na polepole jina la mungu likahamia kwenye kiwanda, kisha kwenye sarafu zenyewe. Dola la Roma lilipoanguka, neno halikuanguka nalo. Waitalia wanasema moneta, Wahispania moneda, Wafaransa monnaie, Wajerumani Münze. Waingereza walilipokea mara mbili: kwanza mint, lililotoka katika Kilatini zama za kale, halafu money, lililopitia Kifaransa. Warusi nao huita sarafu moneta.