Nchi ya Mto Usiofika Baharini

Mito mingi mikubwa ya dunia huzaa miji pale inapoikaribia bahari. Huko Vietnam mto Mekong umeulea mji wa Can Tho: mpunga na matunda huchukuliwa kwa mashua, watu huuziana bidhaa majini, na tangu mwaka 1966 mji una chuo kikuu. Mto Sibiti haukujaliwa hivyo. Hutoka ziwa Kitangiri na kuishia ziwa Eyasi, wala maji yake hayaioni bahari. Kinyangiri, kata ya wilaya ya Mkalama mkoani Singida, imo kusini ya mto huo. Historia yake ni ya watu ambao, kwa kukosa mto wa kuwachukulia mali, iliwabidi waichukue wenyewe kwa miguu.

Wanyiramba, na jirani zao Wanyisanzu, ni wakulima wa mtama na uwele na wafugaji wa ng'ombe. Mvua yao ni ya msimu mmoja, nayo si ya kutegemewa. Kwa hiyo utawala wenyewe ulifungamana na mvua. Huko Kirumi, makao ya watawala wa Wanyisanzu, ibada ya mvua haikutimia bila mtawala mwanamume na mwenzake mwanamke. Ukoo nao ulihesabiwa kwa upande wa mama. Wala haya hayakuwa mambo ya mila tupu. Mtoto aliyekuwa na haki kwa mjomba wake alikuwa na mlango wa pili wa kubisha mwaka wa njaa. Ukoo ulikuwa ghala.

Wadachi walipojenga boma Mkalama mwanzoni mwa karne ya 20, walidai kodi, na kodi ilitaka fedha. Nchi isiyo na zao la kuuza iliuza nguvu za vijana wake. Wengine walichukua mizigo. Baadaye, katika enzi ya Waingereza, wengi walikwenda kwenye mashamba ya walowezi Oldeani na kwenye mashamba ya mkonge. Hata hivyo kibarua alikwenda ili arudi: fedha yake iligeuka kodi, nguo na mifugo ya nyumbani.

Elimu ya shule ilikuja kwa njia ya misheni. Walutheri wa Leipzig walifungua kituo Ruruma mwaka 1911; baada ya Vita Kuu ya Kwanza kazi yao ilishikwa na Walutheri wa Augustana kutoka Marekani, ambao walifundisha walimu Kinampanda. Baada ya uhuru, Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikusudia kila mtoto apate elimu ya msingi, na mwaka 2016 ada iliondolewa hata kidato cha nne. Faida ni kubwa wala haina ubishi. Lakini yafaa kutambua tofauti moja. Kibarua wa Oldeani alirudi na mshahara wake. Mwalimu, karani na mwuguzi hufuata kazi ilipo, na mara nyingi kazi iko mbali. Shule imefungua njia pana ya kutokea, na njia ya kurudia ikabaki nyembamba.

Dalili za kuipanua zipo. Mwaka 2012 Mkalama ilitengwa na Iramba ikawa wilaya, makao yake Nduguti, na kazi za elimu na afya zikasogea karibu. Alizeti na vitunguu vimeipa nchi mazao ya kuuza, nalo daraja la Sibiti limeiunganisha na Usukuma, ambako zamani mto ulipofurika safari ilisimama.

Utemi uliondolewa mwaka 1963, wala hakuna haja ya kuurejesha. Linalofaa kurithiwa ni ile hekima ya ghala: kwamba mtu aliyekwenda mbali bado ana nyumba inayomdai, naye anaidai. Daraja hupitisha magunia pande zote mbili. Elimu ya Kinyangiri haijafika hapo bado, na mpaka ifike, nchi itaendelea kupoteza zao lake lililo bora.