Wasichana wa Kashasha walikuwa wanacheka nini? (Sehemu ya 6)

Mama zangu wa Ifakara na bonde zima la Kilombero, mmeniuliza sana kuhusu mabinti wanaoanguka shuleni, mmoja akianza wanafuata kumi. "Nesi, ni mapepo au wanajifanya?" Leo twende mbali kidogo, Bukoba.

Tarehe 30 Januari 1962, hata miezi 2 haijatimia tangu uhuru, wasichana 3 wa shule ya bweni ya misheni pale Kashasha walianza kucheka, wakashindwa kuacha. Kicheko kikageuka kilio, kikarudi kuwa kicheko. Wengine saa chache, wengine hadi siku 16! Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, walioshikwa walikuwa 95 kati ya wanafunzi 159. Wakarudishwa makwao, na vijijini nako kukaanza. Madaktari Rankin na Philip walipima, wakatafuta hadi sumu kwenye chakula, wasione kitu. Hakufa mtu. Na walimu je? Hakupatwa hata mmoja.

Mimi hapo ndipo ninapokaa nikafikiri. Mwalimu akichoka anagomba, anaomba uhamisho. Binti wa bweni, mbali na mama yake, hofu yake anampa nani?

Huko Vienna, Freud na Breuer walishaandika mwaka 1895 kwamba hisia isiyopata mdomo hutokea mwilini. Mwaka 1936 Anna, binti yake Freud, akazichambua kinga za nafsi: tunakana, tunasahau, hasira ya mume tunamshushia mtoto (hapo sitaji mtu, jamani). Mwenye kujikinga hivyo mara nyingi hajui kama anajikinga. Kwa hiyo yule binti hajifanyi. Hata yeye anashangaa.

Ila vipimo kwanza. Huku kwetu, na hasa kule Mahenge alikofanya kazi Dkt. Louise Jilek-Aall, kifafa kipo kweli. Akikakamaa, akang'ata ulimi, akajikojolea, mlete. Akiwa na homa, mlete haraka, malaria haisubiri.

Vipimo vikiwa safi, usimchape, wala usimfanyie mkutano wa majirani. Mtoe kwenye kundi. Mkiwa wawili tu mnachambua mchele, muulize shuleni kukoje, halafu nyamaza. Akisema "kawaida tu", endelea kuchambua. Kesho muulize tena.