Saini ya Gavana Ilivyofika Issenye

Issenye, magharibi mwa Serengeti, hapakuwahi kuwa na mfalme. Waissenye, kama majirani zao Wanata, Waikoma na Wangoreme, waliendesha mambo yao kwa koo, kwa rika na kwa vikao vya wazee. Vijana wa saiga moja, waliotahiriwa kipindi kimoja, walilinda nchi. Wazee walisuluhisha magomvi, wakaamua lini watu wahame na wapi walime. Mganga wa mvua alisikilizwa, lakini hakuwa na askari wa kumlazimisha mtu. Katika nchi yote ile ya kati ya mto Mara na mto Mbalageti hapakuwa na mtu ambaye neno lake peke yake lilikuwa sheria.

Mtu wa namna hiyo alipatikana tarehe 22 Julai 1920, na aliwekwa na watu wasiowahi kuliona pori la Serengeti. Siku hiyo Mfalme George wa Tano wa Uingereza, akiwa na baraza lake la washauri, alitoa amri iliyounda cheo cha Gavana na Amiri Jeshi Mkuu wa Tanganyika. Bunge la Uingereza halikuijadili wala kuipigia kura amri hiyo. Ilitolewa kwa nguvu ya sheria ya mwaka 1890 iliyomruhusu mfalme kutawala nchi za nje alizozipata kwa mkataba, kwa kuzitwaa au kwa njia nyingine halali. Tanganyika ilikuwa imetwaliwa vitani kutoka kwa Wajerumani, wale wale waliojenga boma lao Ikoma na kuanza kuwateulia watu wa pande hizo viongozi wasiowajua. Horace Archer Byatt, aliyekuwa akiongoza utawala wa maeneo yaliyotekwa tangu vita, akawa gavana wa kwanza.

Anayeuliza Katiba ya Tanganyika ya wakati huo ilikuwa wapi, ajibiwe kwamba kwa sehemu kubwa ilikuwa ndani ya amri hiyo, pamoja na hati ya uteuzi na maagizo ambayo kila gavana alikabidhiwa na mfalme. Mwananchi hakuwa na mahali pa kuisoma, na haikuandikwa kwa lugha yake. Ilisema gavana atatunga sheria kwa ajili ya amani, utulivu na uongozi mwema wa nchi. Ilimpa mamlaka ya kuigawa nchi katika majimbo na wilaya, kuteua maofisa na kuwasimamisha kazi, kugawa ardhi, kutunza muhuri wa serikali, na kumsamehe au kumpunguzia adhabu mtu aliyehukumiwa, hata aliyehukumiwa kunyongwa. Ilimtaka aheshimu sheria na mila za wenyeji, isipokuwa pale zinapopingana na haki au maadili. Aliyepima haki na maadili hayo ni yeye na maofisa wake.

Kwa miaka 6 ya mwanzo gavana alitunga sheria bila baraza lolote la kutunga sheria. Alikuwa na Halmashauri ya kumshauri, iliyojaa maofisa wake mwenyewe, na maagizo ya mfalme yalimruhusu kwenda kinyume na ushauri wao mradi aeleze London sababu zake. Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa kwa amri nyingine ya mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, na likakaa kwa mara ya kwanza Desemba mwaka huo. Lilikuwa na maofisa 13 wa serikali, na wajumbe wasio maofisa ambao idadi yao isingezidi 10. Wote hao wasio maofisa waliteuliwa na gavana: wa kwanza walikuwa Wazungu 5 na Waasia 2. Mwenyekiti wa baraza alikuwa gavana mwenyewe. Alipendekeza sheria, akaongoza mjadala, kisha akaitia saini. Hali hiyo ya kukalia kiti iliendelea hadi mwaka 1953 alipowekwa Spika.

Mwafrika hakuingia humo hadi mwaka 1945, walipoteuliwa Chifu Kidaha Makwaia wa Usiha na Chifu Abdiel Shangali wa Machame. Sheria nyingi zilizogusa mkuki, mshale, shamba na boma la ng'ombe la mtu wa Issenye zilitungwa kabla ya hapo. Nalisema hili bila kusita: watu walitiwa pingu kwa sheria ambazo hakuna Mwafrika hata mmoja aliyepata nafasi ya kunyanyua mkono kuzipinga.

Lakini gavana naye alikuwa na wakubwa zake. Sheria aliyoitia saini iliweza kufutwa na mfalme, na Waziri wa Makoloni aliweza kumwandikia leo na kumwamuru kesho abadilishe mwendo. Tena Tanganyika haikuwa koloni kamili kama Kenya. Tangu mwaka 1922 ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na ripoti zake zilisomwa Geneva. Baada ya mwaka 1946 msimamizi akawa Umoja wa Mataifa, uliotuma ujumbe wa kuizuru nchi karibu kila baada ya miaka mitatu. Wameru walipofukuzwa kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951 ili wapewe walowezi, mwakilishi wao Kirilo Japhet alikwenda kuyasema hayo mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Ardhi haikurudi wakati ule, ila dunia ilisikia. Mtu wa Issenye hakuwa na chama cha kumkatia tiketi. Malalamiko yake yalianzia kwa chifu, yakaenda kwa bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya, wa Musoma, kisha kwa mkuu wa jimbo Mwanza, na ndipo, kama bado yalikuwa hai, yakafika Dar es Salaam.

Na huyo chifu alikuwa nani? Sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926 ilimpa gavana uwezo wa kumtambua mtu, au baraza la watu, kuwa mamlaka ya mahali, na kumwondoa. Cameron aliamini kwamba Waafrika watawaliwe kupitia viongozi wao wa jadi. Kwa Wasukuma au Wahaya wenye watemi na wakama, jambo hilo lilikuwa na mahali pa kushika. Kwa watu wa saiga na vikao vya wazee ilibidi kiongozi wa jadi atengenezwe. Akapewa mshahara, mahakama, matarishi na kazi ya kukusanya kodi. Hata aliyekuwa mwema na mwadilifu alijua kwamba kiti chake kilishikiliwa na barua kutoka Dar es Salaam. Uchifu wa namna hiyo ulifutwa kwa sheria mwaka 1963, na katika pande hizi haukuacha pengo kubwa, maana haukuwa na mizizi.

Sasa tuje kwenye ardhi, ambako saini ya gavana iliuma zaidi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilitangaza kwamba ardhi yote ya Tanganyika, iliyokaliwa na isiyokaliwa, ni ardhi ya umma, iko chini ya usimamizi wa gavana, naye ataishika kwa matumizi na manufaa ya wenyeji. Aliweza kutoa hati ya kukalia ardhi kwa muda usiozidi miaka 99. Mwaka 1928 sheria ilirekebishwa ili jamii inayotumia ardhi kwa mila zake ihesabiwe kuwa nayo ina haki ya kuikalia. Ukiyasoma maneno hayo peke yake unaweza kudhani Waissenye walikuwa wamelindwa, ingawa hawakuwa na karatasi.

Ugumu ni kwamba sheria ile ilimtambua mtu aliye juu ya shamba lake leo. Maisha ya Issenye hayakuwa hivyo. Familia ililima mtama na ulezi mahali fulani, ikachunga mahali pengine, ikawinda na kuchota chumvi mbali zaidi, na baada ya miaka ikahama ili udongo upumzike. Masimulizi ya wazee wa Issenye yanaitaja Nyeberekera kuwa makazi yao ya kale, kabla ya ukame, maradhi na mashambulizi ya Wamasai katika karne ya 19 kuwatawanya. Leo Nyeberekera iko ndani ya hifadhi. Nchi ambayo wenyewe waliiona kama shamba linalopumzika na kaburi la babu, serikali iliiona kama pori lisilo na watu.

Ndipo sheria za wanyamapori zilipokutana na sheria ya ardhi. Sheria ya mwaka 1921 ilifanya uwindaji kuwa jambo la leseni. Mwaka 1929 sehemu ya nyanda za Serengeti ikafungwa kuwa pori la akiba. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1940 ikampa gavana uwezo wa kutangaza hifadhi ya taifa, na Serengeti ikatajwa. Ikafuata sheria ya hifadhi za taifa ya mwaka 1948, na mwaka 1951 Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ikawekewa mipaka, ikiwa ni pamoja na kreta ya Ngorongoro. Kila hatua ilihitaji tangazo katika Gazeti la Serikali, lililoandikwa kwa Kiingereza. Wawindaji wa Issenye, Ikoma na Nata, ambao mishale yao ya sumu ilikuwa imelisha watoto wao wakati wa njaa, walilala wakiwa wawindaji wakaamka wakiwa wahalifu, na bwana nyama, yaani ofisa wa wanyamapori, akawa mtu wa kuogopwa kuliko simba.

Mwaka 1956 serikali ya Gavana Edward Twining ilipeleka barazani waraka wa kuipunguza hifadhi, hasa kwa sababu ya Wamasai waliokaa ndani yake. Vyama vya kuhifadhi wanyama vya Uingereza na Marekani vilipiga kelele. Kimoja kilimtuma Profesa W. H. Pearsall aje kuchunguza mwaka huo huo. Gavana akaunda kamati ya uchunguzi chini ya Sir Barclay Nihill mwaka 1957, na waraka wa kwanza ukawekwa kando. Mwaka 1959, gavana akiwa Richard Turnbull, sheria ikabadilishwa: Ngorongoro ikatolewa na kupewa mamlaka yake, nayo Serengeti ikaongezewa eneo la kaskazini kuelekea mpaka wa Kenya, nchi ambayo Waikoma, Wangoreme na Wakurya waliijua kijito kwa kijito. Wamasai walikuwa wamewekeana saini na serikali mwaka 1958 kukubali kuondoka Serengeti, na angalau walitambuliwa kuwa wenye hoja. Watu wa magharibi mwa hifadhi hawakupewa uzito huo. Kwangu mimi hilo ndilo doa kubwa la shauri zima: profesa kutoka Uingereza alisikilizwa haraka kuliko mwenye nchi.

Gavana alikuwa na silaha nyingine. Sheria ya adhabu ya pamoja ya mwaka 1921 ilimwezesha kutoza faini jamii nzima kwa kosa la baadhi yao. Sheria ya kuhamisha watu ya mwaka huo huo ilimwezesha kumng'oa mtu kutoka sehemu moja ya nchi na kumpeleka nyingine akiona kwamba ni hatari kwa utulivu, wala haikuwa na rufaa. Hakuhitaji kesi wala hukumu, alihitaji kuridhika.

Mtu aliyeyasoma mamlaka hayo kwa makini alizaliwa jirani na Issenye. Julius Nyerere wa Butiama, wilaya ile ile ya Musoma ya wakati huo, aliingia Baraza la Kutunga Sheria kwa muda mwaka 1954 kwa uteuzi wa gavana, na tena mwaka 1957 alipoteuliwa na Twining. Alijiuzulu Desemba mwaka huo, baada ya kuona kwamba kiti cha kupewa hakimpi uwezo wa kubadili neno. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ndio uliolitikisa baraza lenyewe. Septemba 1960 Nyerere akawa Waziri Kiongozi, Mei 1961 Waziri Mkuu wa serikali ya ndani, na tarehe 9 Desemba 1961 ugavana ukakoma. Turnbull alibaki mwaka mmoja kama Gavana Mkuu, mwakilishi wa malkia asiye na amri, hadi Jamhuri ilipotangazwa tarehe 9 Desemba 1962.

Gavana aliondoka, lakini mamlaka yake hayakupanda meli pamoja naye. Yalihamia kwa Rais, mengi yakiwa vile vile. Sheria ya kuhamisha watu iliendelea kutumika, na mtu mmoja aliyekuwa akishikiliwa katika Gereza la Musoma chini ya sheria hiyo alifungua shauri Mahakama Kuu, Mwanza, mwaka 1988. Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba sheria hiyo inapingana na Katiba. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kwa maneno hayo kusemwa mahakamani, na yalisemwa kwa sababu ya mtu wa gereza la Musoma.

Sheria za Ardhi za mwaka 1999 nazo zinasema ardhi yote ni ya umma, iko mikononi mwa Rais kama mdhamini. Mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yalitangazwa mwaka 1994 kwa njia ile ile ya tangazo katika Gazeti la Serikali. Tofauti ipo, na ni kubwa kwa anayeijua: Sheria ya Ardhi ya Vijiji inataka mkutano mkuu wa kijiji upelekewe jambo kabla ardhi ya kijiji haijabadilishwa kuwa ya aina nyingine. Eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano unaweza kukubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano unatoa maoni na waziri ndiye anayeamua.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa madiwani na watendaji wa Issenye. Tafuteni matangazo ya 1951, 1959 na 1994 yaliyochora mipaka inayowazunguka, yatafsiriwe kwa Kiswahili, yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kila kijiji, na nakala ibandikwe ofisini pamoja na ramani. Walimu wa historia wakae na wazee wanaokumbuka Nyeberekera na waandike yanayosemwa. Itakapokuja saini nyingine, kijiji kiwe na karatasi yake mkononi.